Visu vya Baba Mkwe

"Unakikwaruza, hukinoi," alisema mzee. "Hata paka anajua tofauti."

Mkwe wake aliendelea kusugua kisu juu ya kinoo, taratibu, kwenye meza ya jikoni. Kando yake kulikuwa na kijiti cha chuma cha kunolea na kidude cha plastiki chenye mpasuo wa kupitishia kisu. Wiki ya pili sasa alikuwa akivijaribu kimoja baada ya kingine, na kila siku aliuliza kipi kinamfaa mtu anayeanza.

Kazi aliiomba mwenyewe. Mzee alipohamia kwao na visu vyake vitatu vya buchani na panga la mifupa, mke huyu wa mwanawe alimwambia, "Niachie mimi, Baba. Nataka kujifunza." Siku ile mzee aliona fahari. Sasa alijuta.

"Hicho cha plastiki kachongee penseli," alisema. "Kijiti hakinoi, kinanyoosha tu makali yaliyopo, na wewe huna makali ya kunyoosha. Jiwe. Nimekwambia jiwe tangu mwanzo. Unamwaga maji, unalaza kisu, unasukuma. Cha kuchagua hapo ni nini?"

"Upande upi, Baba? Huu unaokwaruza au huu laini?"

Mzee alitazama dari. Kisha akavuta kikombe chake. Chai ilikuwa nusu, kama siku zote katika nyumba hii.

"Na mnanipimia chai kama dawa ya kikohozi."

"Nitakuongezea ukimaliza, Baba."

"Mtoto wa fundi seremala hulala chini," angesema mtu yeyote aliyemwona mzee. Shati lake lilikuwa la kuvalia kichwani, halina kifungo hata kimoja, na lilishonwa na mkwe huyohuyo, aliyetundika kibao cha ufundi wa nguo mlangoni. "Fundi gani anaogopa kifungo?" mzee aliwauliza majirani, nao walicheka.

Jumapili ndugu zake walikuwa wanakuja. Alikwisha kuwaambia kwa simu kwamba paja la mbuzi atalikata mwenyewe, mbele yao, kama zamani.

"Visipokata," alisema, "nitawaambia wote ni kwa sababu yako. Halafu narudi kwangu. Kule nilikuwa peke yangu, lakini nilikuwa na visu."

Mkono wa mkwe ulisimama kidogo juu ya jiwe. "Usiondoke, Baba. Najitahidi."

"Lete hicho."

Mzee alikipitisha kidole gumba kwenye makali, kile chenye plasta. "Siku ile kitunguu kiliteleza, kisu kikanikata, kwa sababu kilikuwa kisu kweli. Sasa umekifanya mwiko."

Akakaa, akakilaza kisu, akasukuma. Jiwe likagongagonga mezani.

"Meza yenyewe ina mguu mfupi. Mwanangu kununua meza hajui, kuoa ndiyo usiseme."

Mkwe alichukua mkasi wake wa kazi na kukata kipande kwenye gora la kitambaa. Mkasi ulipita kama unakata maji. Akapiga magoti, akakikunja kipande kile, akakisokomeza chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia, lakini jiwe liliendelea kugonga chini ya mikono ya mzee. Mzee aliendelea kuilaani meza, na kusukuma, na kugeuza, na kusukuma, hadi jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Umeona?" Alikitupa kisu mezani. "Basi. Hata ng'ombe niliowachinja walikuwa wepesi kuelewa."

Akaenda kujilaza.

Mlango wa chumba ulipofungwa, mkwe alikiinua kile kisu makali juu, akadondosha juu yake kipande chepesi cha hariri kilichobaki sakafuni kwenye ushonaji. Kikaanguka vipande viwili.

"Na kesho ununue jiwe la maana!" Sauti ya mzee ilitoka chumbani.

"Sawa, Baba."

Alimwaga maji kwenye jiwe lisipige kelele. Akakisimamisha kisu wima, makali yakitazama chini, akakiburuta polepole, kwenda na kurudi, mpaka makali yakafa. Kisha akakikandamiza kwenye kidole gumba chake mwenyewe, kwa nguvu. Hakikuacha hata alama.

Panga la mifupa bado lilikuwa linakata kidogo. Hilo akaliacha la kesho.