Kidoti cha Kushoto

Kabla hajaitikia shikamoo, Gaudens alimtazama yule mwanamke chini ya jicho. Kidoti kilikuwepo, cheusi, kidogo kama mbegu ya mchicha. Lakini kilikuwa chini ya jicho la kulia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na brashi ikarudi kwenye rangi. "Pole kwa usumbufu. Si wewe."

Mwanamke hakuondoka. Alisema anaitwa Rosalia, amelelewa Songea, na waliomlea hawakumficha kwamba walimwokota stendi ya Ubungo, mtoto hajui hata kutaja jina lake. Sasa amekuja msibani Mbagala, amepita mbele ya saluni, ameona bango, akaulizia fundi wake.

"Ule uso ni wangu, baba," alisema. "Ndio ninaouona kila asubuhi nikijipaka mafuta."

Gaudens alikuwa ameshayasikia ya namna hiyo, tena kwa machozi mengi kuliko hayo.

Yeye alikuwa fundi wa mabango. Ukipita Mbagala hadi Temeke ukaona saluni yenye bango la mwanamke aliyevaa gauni la vipande vya kitenge vilivyobandikwa kwa gundi, hereni za shanga na rasta za kweli zinazoning'inia, basi huyo ni Bene, binti yake. Uso ni uleule kila bango. Kila mwaka Gaudens alimwongeza umri kidogo, maana huko aliko naye anakua. Pembeni aliandika namba yake ya simu na maneno: Bene, baba anakutafuta.

Wenye saluni walinung'unika. Walitaka msichana mbichi anayecheka, wao wanaletewa mtu mzima mwenye majonzi. Wengi wakahamia kwa vijana wa kompyuta wanaochapa picha kwenye turubai. Gaudens hakubadilisha uso. Alikonda, akachoka, akaendelea kuchora, kwa sababu siku atakayoacha ni kama amemwacha tena pale stendi.

Bene alipotea akiwa hajatimiza miaka mitatu, baada ya mama yake kufariki, siku baba yake alipokuwa anampeleka Bukoba kwa bibi. Gaudens aligeuka kupakia mzigo. Alipogeuka tena, mtoto hayupo. Picha zake zote zilikuwa kwenye begi, na begi liliondoka na basi wakati yeye anazunguka stendi akipiga kelele kama kichaa.

Kilichobaki kichwani ni picha moja tu, na miaka yote hiyo aliitunza kuliko roho yake. Ni asubuhi, Bene amekaa mapajani mwake mbele ya kabati la kioo, yeye anamchana nywele, wanatazamana kiooni. Kidoti kile pale. Nyusi moja imepanda, kama mtoto anataka kuuliza jambo. Kabati lile alimpa jirani wiki ileile mtoto alipopotea, na hajaweka kioo kingine nyumbani hadi leo.

Wanawake waliokuja kudai kwamba wao ndio Bene walimfundisha ukali. Mmoja wao Gaudens alimkaribisha, akampikia, akamwita mwanangu mbele za watu. Kumbe kidoti alijichorea kwa wanja. Alipolia kwa furaha kikachuruzika hadi kidevuni. Siku ile Gaudens alijifungia ndani na kulia kuliko alivyolia Ubungo. Tangu hapo hakusikiliza hadithi ya mtu. Alitazama kidoti kwanza, na kidoti kilikuwa kushoto.

"Mwanangu namjua," alimwambia Rosalia. "Hata nikifumba macho namwona. Kushoto."

Rosalia akajigusa shavu la kulia, kama mtu aliyeambiwa amekosea kulivaa. Alisema kesho anarudi Songea, akaomba walau aache namba ya simu. Gaudens alijibu kwamba mikono yake ina rangi. Basi Rosalia akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Demetria, mwenye saluni mpya karibu na soko, alimwita Gaudens amtengenezee bango. Mvua ilikuwa haikatiki, na banda la Gaudens linavuja, kwa hiyo Demetria akamwambia afanyie kazi humohumo saluni, wateja wenyewe hawajaanza kuja. Naye alimtania kama wenzake: je, safari hii huyo dada atacheka?

"Atacheka siku akirudi," Gaudens alisema.

Alichora akiwa amepiga magoti sakafuni, bango limelala mbele yake. Akabandika vitenge, akashona shanga, akapigilia rasta kwa misumari midogo midogo. Kidoti alikiweka mwisho, kama kawaida, chini ya jicho la kushoto. Mgongo ukamwuma. Zilikuwa zimebaki rasta tu, zimejisokota, zinahitaji kuchanwa.

Demetria akamwonea huruma. Akamvutia kiti cha wateja, akampa chanuo, akamwambia akae kama watu, mzee hawezi kufia sakafuni kwa ajili ya bango.

Gaudens akakaa. Akalisimamisha bango mapajani, uso ukiangalia mbele, akaanza kuzichana zile rasta kwa nyuma, polepole, asije akazing'oa. Alipofika kwenye rasta ya mwisho akainua macho.

Mbele yake kulikuwa na kioo kipya cha ukuta mzima, na humo kidoti kilikuwa chini ya jicho la kulia. Ndani yake alimwona mzee mwenye rangi mikononi, amempakata Rosalia, anamchana nywele.