Mgeni wa Milioni Moja na Tatu

Mlango ulimgandisha Mwantumu nje tena, mtoto mgongoni, mvua inawatwanga.

"Karibu, Mama Zamda," mlango ukasema. "Na huyo mgeni wako anaondoka lini?"

"Mgeni gani, jamani! Huyu nimemzaa mwenyewe!"

Siku hizi kila mtoto akizaliwa anapewa namba, na nyumba inawatambua wale tu ambao namba zao zina kigawo kimoja cha pamoja. Mwantumu, mumewe Kitwana na binti yao Zamda, namba zao zote zinagawanyika kwa saba, mambo safi kabisa. Sasa huyu kichanga kaja na milioni moja na tatu. Namba tasa hiyo! Haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Basi ndani ya nyumba yao yeye ni mgeni.

"Igawe tena!" Mwantumu alimpigia kelele mumewe aliyekuwa ndani.

"Nimeigawa mpaka simu imechemka, mke wangu. Haikatiki!"

"Anaondoka lini?" mlango ukarudia, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi.

Mwantumu akachoka. "Kesho! Anaondoka kesho, haya, furahi!"

Mlango ukafunguka papo hapo, ukashukuru. Kitwana akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe dawa ndiyo hiyo! Tuwe tunauambia kesho kila siku."

Mwantumu naye akacheka, akamlaza mtoto, akaenda kubadili nguo. Aliporudi, taa ya upande wa mtoto ilikuwa imezimwa, na ukutani nyumba imeandika kwa adabu: "Mgeni ataamshwa alfajiri. Gari lake limeshaitwa."