Mjomba wa Upande wa Shamba

Mjomba alikuwa ameshafunga begi na kulisukuma chini ya kitanda walipomwita sebuleni akasimulie habari za marehemu, mama wa nyumba ile.

Ilikuwa siku ya kumkumbuka. Watu walijaa hadi ukumbini, wengine wamekalia meza ya kupigia pasi. Kila mmoja alishasema alivyolishwa na mama yule. Habari za utoto wake shambani aliachiwa Mjomba, ndugu pekee wa upande huo aliyekuwepo. Tatizo ni kwamba Mjomba hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle ndani.

Alikuwa fundi bomba. Zamani hizo aliitwa kwa jirani, akakosea mlango. Mama alimfungulia akiwa na mwiko mkononi. "Karibu, kaa, ule kwanza." Shambani alikolelewa mama huyo, baba yake aliweka sheria: mgeni haulizwi lililomleta mpaka ashibe. Fundi akala. Mvua ikanyesha, akalala. Asubuhi watoto, wadogo wakati huo, walimkuta mezani anakunywa chai, wakamwita Mjomba. Mama hakuwasahihisha. Wala hakumuuliza kitu miaka yote ile, pengine kwa sababu hakuwahi kumwona ameshiba.

Jioni walikuwa wakichambua maharage pamoja, mama akisimulia shamba. Fundi alimpenda kama dada wa tumbo moja. Kifo chake kilimuuma vibaya, lakini alilia kidogo kidogo. Ndugu wa uongo hana haki ya kulia kuliko wenye msiba.

Sasa kifungua mimba, mwanamume wa kupenda mambo yanyooke, alikuwa ametangaza mgawanyo wa vyumba.

"Chumba cha Mjomba ni cha Mjomba," alisema, "mradi awe mjomba kweli. Mama mkubwa anakuja leo kutoka shamba. Yeye atatuambia."

Watoto hawakuwahi kumwona mama mkubwa huyo, dada wa marehemu, maana shamba lilikuwa mbali, na magoti yake yalikuwa mabovu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Mjomba alijisemea. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Bibi mmoja aliingia wakati wa chakula, jasho linamtiririka, mzigo wa mafagio mapya kichwani.

"Watu wa shamba hawaji mikono mitupu!" alisema mke wa kifungua mimba, akamtua mzigo na kumkumbatia.

Bibi yule alifungua kinywa aseme neno, akapewa kiti. Alifungua tena, akapewa sahani.

Mjomba akasimama. Sauti ilimtetemeka, wakadhani ni uchungu. Alisimulia jinsi marehemu, akiwa msichana mdogo, alivyompa ndama blanketi lake kwa sababu ndama hakuwa mwenyeji pale, alinunuliwa juzi tu. Jinsi alivyomkabidhi mpita njia chakula cha baba yake, baba akalala njaa huku akimsifu. Watu walicheka, kisha wakafuta machozi. Na yeye akalia, safari hii bila kujizuia.

"Mama mkubwa," kifungua mimba aliuliza, "ndivyo ilivyokuwa?"

Bibi alikuwa anatafuna. Alimtazama Mjomba kwa muda, macho yamemtoka. Mjomba naye aliutazama mlango.

"Ndivyo," alisema bibi. "Tena amepunguza."

"Na huyu unamfahamu?"

"Nisimfahamu ndugu yangu?" Akaweka sahani chini, akaenda kumkumbatia Mjomba, wakalia pamoja mpaka waliokalia meza ya pasi wakashuka kuwabembeleza.

"Tusamehe, Mjomba," alisema kifungua mimba akiwa ameinamisha kichwa. "Chumba ni chako mpaka siku utakayokichoka mwenyewe."

Watu walipoanza kunawa, Mjomba alimfuata bibi nyuma ya nyumba na kopo la maji. Alitaka kumshukuru, hata kupiga magoti ikibidi, lakini bibi alimuwahi. Alimkamata mkono, akachungulia kama kuna anayewasikia.

"Ahsante, kaka, hukuniumbua," alinong'ona. "Mimi nilipiga hodi kuuza mafagio tu. Hebu niambie haraka, dada yetu alikuwa akiitwa nani?"