Mgonjwa Hapumui Vizuri

"Daktari, mgonjwa hapumui vizuri," Mama alisema kwenye simu. "Njoo na gari."

Fundi alibana simu kati ya sikio na bega, maana mikono yake ilikuwa imejaa grisi. Akatabasamu. Njoo na gari! Kwani aliwahi kwenda pale amebeba ngazi kichwani? Akauliza kama mgonjwa anatoa jasho. Mama akajibu kwamba linamtoka jingi, mpaka kitanda kimelowa. Akauliza kama anakoroma. Anakoroma, tena vibaya.

"Basi mwache apumzike, Mama. Nipo njiani."

Hakuwa njiani. Fundi akikwambia yupo njiani, ujue hata viatu hajavaa, na huyu alikuwa pekupeku katikati ya karakana yake, kazungukwa na feni mbovu na vipande vya mabomba ya shaba. Wala hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na mgonjwa wa nyumba ile alikuwa kiyoyozi kikuukuu kilichofungwa juu ya kitanda cha wazee wawili.

Utani huo ulianzishwa na Mzee, mume wa Mama, siku ya kwanza fundi alipopanda ngazi kufungua kifuniko. Mzee alikaa kitandani akimtazama anavyochomoa machujio yaliyoota ukungu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye wodini, "Daktari, ataishi?" Tangu siku hiyo kompresa ikawa moyo, gesi ikawa damu, na bomba la maji likiziba, Mama alipiga simu kusema mgonjwa kabanwa na mkojo.

Fundi alimpenda Mzee kwa moyo wote. Yeye hakulelewa na baba, na hakuna mteja mwingine aliyewahi kusimama chini ya ngazi yake akimshikia tochi na kumpigia soga mpaka kazi iishe. Kwa hiyo mvua zilipoanza, akasikia kwamba kifua cha Mzee kimekuwa kibaya, alikosa raha. Msimu ule nguo zilianikwa zikarudi ndani mbichi vilevile, chumvi ikaganda koponi, kuta zikatiririka maji. Hospitali walisema Mzee alale penye hewa kavu. Juzi tu fundi alikuwa amekitengeneza tena kiyoyozi kile, akashuka ngazi na kusema ukweli, kwamba hakitamaliza mvua hizi.

"Usije ukamtupa," Mzee alimwambia, akikohoa katikati ya kicheko. "Mtu akizeeka hatupwi, Daktari. Anatibiwa."

Fundi alicheka naye, lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani. Hakuwaambia kwamba tayari alikuwa na kiyoyozi kingine karakana, kikubwa kidogo, cha aina inayokausha hewa sawasawa, alichokiokoa kwenye jengo la ofisi lililokuwa likibomolewa. Alikuwa amekisafisha, akabadilisha feni, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta panapovuja. Leo kilibaki kuunganishwa na pampu ya kunyonya hewa, kwa sababu unyevu ukibaki ndani ya mabomba, mashine haidumu. Pampu ile haiharakishwi. Angeweza kukimbia sasa hivi akakifinyafinya kile cha zamani, kiamke, kizimike tena kesho. Akaona heri achelewe kidogo, aende na dawa ya kudumu. Alishajiona akiingia nacho begani, na Mzee akimpigia makofi.

Simu ikalia tena.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nakaribia, Mama. Nimeshapita sokoni."

Pampu ilikuwa inanguruma pembeni yake. "Fanya haraka," Mama alisema. "Amenyamaza."

Fundi akashusha pumzi. Afadhali wamekizima, maana kompresa inayokoroma vile ingeweza kuungua.

"Vizuri," alisema. "Kunyamaza ni nafuu. Mwache hivyohivyo, asiguswe."

Pampu ilipomaliza kazi yake, alifunga kiyoyozi kwenye blanketi lake mwenyewe kisikwaruzike, akakipakia nyuma ya gari. Alimpigia Mama ili kumwambia ukweli, kwamba sasa yupo njiani kwelikweli, lakini simu iliita bila kupokewa. Akaendesha akipiga mluzi, vioo vya gari vimejaa mvuke.

Alikuta viatu vingi mlangoni na majirani wamejazana sebuleni. Wageni, akajisemea, na ikamfurahisha kwamba mambo haya yangekuwa na watazamaji. Akakiweka kiyoyozi begani, akaingia kwa ile sauti yake kubwa.

"Hodi! Jamani, mgonjwa yuko wapi?"

Watu wakageuza nyuso. Mama aliinuka taratibu kutoka sakafuni. Macho yake yalikuwa mekundu, na fundi akadhani ni joto la sebule ile.

"Yuko chumbani," Mama alisema. "Nilimwacha apumzike, Daktari, kama ulivyoniambia."

Fundi alisukuma mlango wa chumba kwa mguu, na baridi kavu ikampiga usoni. Juu ukutani kiyoyozi cha zamani kilikuwa kinapuliza, hakikoromi wala hakitoi hata tone la jasho, na chini yake, kitandani, shuka lilikuwa limevutwa mpaka juu ya uso.