Kiatu cha Binti wa Kepteni

Kepteni alifia mchangani kwenye ile sayari, chombo chake kikapaa bila yeye.

"Zii, si hivyo," nikasema, nikarudisha kanda nyuma. Akafa tena.

Kipindi hiki cha angani nimekipenda tangu nikiwa mdogo, na mwisho wake naujua vizuri. Mlango wa chombo unafunguka, kepteni anashuka, binti yake anamkimbilia na kiatu kimoja tu, chekundu, kamba yake ikipiga chini kila hatua. Kile kingine kimemtoka njiani na hajali.

"Mum, wale wa duka la video huko Thika tao wameikata hii kanda?"

Mama alikuwa anachagua maharagwe kwenye sinia. "Si stima ilipotea hapo, ile siku ulikiona ukiwa mdogo, Kavindu? Ukalia, baba yako akakumalizia hadithi kwa giza."

"Lakini mimi niliona! Hata hicho kiatu chekundu nilikiona."

"Chekundu kwa TV gani? Yetu haikuwa na rangi." Akacheka. "Hicho kiatu kilikuwa chako. Kingine kilikutoka ukimkimbilia baba yako, siku alitoka jela."

Kwa skrini, chombo kilikuwa kinapaa tena.

"Jela gani, mum?"

Mkono wake ukasimama juu ya maharagwe.