Mahali Pasipo na Panya

Ardis alitaka petroli yote itoke, lisibaki hata tone.

Arlo, mdogo wake aliyekuwa fundi, alichungulia kutoka uvunguni mwa gari. Kila walipolilaza gari hili gerejini kwa ajili ya baridi ya Minnesota, Kurt, mume wa Ardis, aliagiza tangi lijazwe pomoni lisije likashika kutu.

"Dada, una hakika?"

"Toa. Na oili. Na maji ya rejeta."

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, na Kurt alilipenda kuliko kitu chochote chenye pumzi. Mwezi Agosti alimwacha Ardis na watoto wao watatu, akahamia Florida kwa mwanamke muuza boti. Gari akaliacha mpaka huko apate gereji ya kulitosha. Lilikuwa limeandikishwa kwa jina la Ardis, kwa sababu Kurt alishakamatwa mara nyingi kwa mwendo kasi na kampuni za bima hazikutaka hata kumsikia.

Simu ikaita. Ardis aliiweka juu ya boneti ili wote wasikie, akaendelea kupangusa viti.

Kurt hakuuliza habari za watoto. Aliuliza kama gari limeoshwa chini, chumvi ya barabarani isije ikalila. Aliuliza kama betri imetolewa na kama matairi yamejazwa upepo. Alisema kwa upole mwingi, kama mtu anayemwachia yaya kichanga.

"Betri imeshatoka," Ardis alisema.

"Na panya? Mwaka ule walitafuna nyaya zote."

"Linapokwenda hakuna panya."

"Kwani halilali gerejini?"

"Nimelipatia mahali pazuri zaidi. Mji mzima utapita kulitazama."

Kurt akacheka. Kuonewa wivu kulimkolea kama sukari. Akadhani ni duka la magari lile la njia kuu, lenye vioo virefu, na Ardis hakumkatalia.

"Ndiyo maana nakuamini, Ardis," alisema. "Kinyongo huna. Ona lile pikapu la mzee wako, ulivyolilia kama msiba. Chuma chakavu kile. Leo yameisha."

Chini ya gari, spana ya Arlo ilinyamaza. Mzee huyo alikuwa baba yake pia. Kurt alilitoa pikapu hilo bure baridi iliyopita bila kumuuliza mtu, wakati Ardis akimuuguza mama yake hospitalini. Aliporudi alikuta doa la oili kwenye sakafu ya gereji, na mumewe akinywa bia.

"Yameisha," Ardis alisema. "Njoo ulichukue gari lako barafu ikiyeyuka."

Alipokata simu, Arlo alitoka uvunguni akifuta mikono, akauliza injini nayo wanaifanyaje.

"Ishushe. Chukua, ni yako."

Arlo akaenda kuleta winchi.

Ardis alilipaka gari nta, akairudia tena mpaka akauona uso wake kwenye mlango. Akapiga pasi turubai la kulifunika. Mwishowe akaandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kwenye milango yote miwili: KURT.

Januari, barafu ilipokuwa nene ya kutosha, Arlo alilivuta kwa trekta hadi juu ya ziwa lililoganda, akalifunga mnyororo mrefu wa kuliopolea baadaye. Ufukweni, watu wa zimamoto walikuwa wameshaanza kuuza tiketi za kubahatisha, kama kila mwaka, siku ambayo barafu itayeyuka na gari lililowekwa juu yake litazama. Ardis alinunua moja, kisha akamwomba Arlo alisogeze kushoto kidogo, pale pale lilipozamia pikapu la baba yao.