Behewa la Mama Lilikata Kushoto

Siku hizi kila familia huishi ndani ya behewa, na kila mwaka mtambo hutugawa kufuata kazi. Behewa husukumwa hadi kileleni mwa kilima cha reli, likafunguliwa, likateremka kwa uzito wake hadi kwenye njia ya reli liliyopangiwa.

Behewa la mama yake Nyamvula, aliyepooza, lilikata kushoto. La Nyamvula, lililofuata, lilipangiwa kulia.

"Nani atamlisha?" Nyamvula alimfokea msimamizi wa mtambo.

"Dada, likishateremka halirudi."

"Mtambo wenu hauna mama!"

Akaruka chini kutoka behewa lake, akakimbia juu ya kokoto akilia kwa hasira, akadaka ngazi ya behewa la mama yake. Aligeuka. Behewa lake lilikuwa linateremka kulia, mumewe mlangoni amembeba mtoto.

"Mwero, rukeni!"

Mwero alitazama kokoto, akamkumbatia mtoto, akafunga mlango.